AWALE AU AWALEE?
Maelezo juu ya vitenzi vinavyoishia kwa -e

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Wengi wetu twadhani kwamba Kiswahili hakihitaji kusomwa. Hisabati husomwa, Fizikia husomwa, na Kiingereza husomwa usiku na mchana kwa kuwa ndicho kinachotumika katika karibu masomo yote ya sekondari. Lakini Kiswahili, twasema, tumekua nacho. Basi karatasi ya Kiswahili ikirudi imejaa wino mwekundu, twashangaa. Wenzangu kadhaa wa bwenini wamekubali niyatazame madaftari yao, nami nawashukuru. Nimeona kwamba sehemu kubwa ya wino huo huangukia mahali pamoja, napo ni mwisho wa kitenzi, pale -a inapogeuka kuwa -e. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo leo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia kwa -a: soma, lima, vua, pika. Tukitaka kueleza si jambo linalotendeka, bali jambo tunalotaka litendeke, twaondoa alama ya wakati, twabakiza kiambishi cha mtenda, na ile -a ya mwisho twaigeuza -e. "Anasoma" ni habari. "Asome" ni matakwa. "Wanalima" ni habari. "Walime" ni agizo, au ombi, au shauri, au dua, kwa kadiri ya anayesema na anayeambiwa. Mvuvi akisema "tunavua" anakueleza kazi yake. Akisema "tuvue" anakualika mtumbwini. Wataalamu wana majina mbalimbali ya hali hii. Mimi nitaiita hali ya -e, ili tusigombane kwa majina.

Hali hii haikuzaliwa pwani. Ukivuka ziwa hili letu ukafika Kampala, utawasikia Waganda wakisema "tugende" pale ambapo sisi twasema "twende", na maana ni moja. Neno lao "asome" ni sawasawa na letu, herufi kwa herufi. Mtaalamu wa Ubelgiji, A. E. Meeussen, aliyelinganisha lugha nyingi za Kibantu na kuchapisha kazi yake mwaka 1967, aliona kwamba -e hii ilikuwamo tangu katika lugha mama iliyozizaa lugha hizi. Jaribu kuitafuta katika lugha ya nyumbani kwako. Waulize wazee wanasemaje wakitaka kusema "tulime" au "waende", usikilize sauti ya mwisho.

Sasa twende penye mashimo.

Shimo la kwanza ni la vitenzi vifupi: kula, kunywa, kuja, kufa, kupa, kuwa. Katika "anakula" na "walikunywa" tumezoea kuiona ku-, hata twadhani kwamba ku- hiyo ni mali ya kitenzi. Siyo. Kitenzi chenyewe ni -la tu, na -nywa tu. Ile ku- imekaa pale kwa sababu ya mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na alama za wakati kama -na-, -li-, -ta- na -me- hazikubali kubeba mkazo huo. Basi ku- huitwa ije ibebe mzigo. Lakini katika hali ya -e hakuna alama ya wakati. Kiambishi cha mtenda kiko karibu, nacho chaweza kubeba. Kwa hiyo twasema nile, unywe, aje, wafe, iwe. Na tukikataza, asile, usinywe, wasije. Ku- haina kazi hapa, na kibarua asiye na kazi hupewa ruhusa aende zake.

Siku hizi twasikia watu wakisema "nikule" na "tukunywe", na mtindo huo umeingia hata mabwenini. Fikiri kidogo maana yake. Katika neno "nikule" kuna ni-, kuna ku-, kuna -le. Ku- mahali hapo ni alama ya mtu anayeambiwa, kama katika "nikupe" na "nikuone". Hivyo mtoto anayesema "Baba, nikule?" anamwomba baba yake ruhusa ya kumla. Nalo ni Kiswahili sanifu kabisa, ila kwa fisi.

Shimo la pili ni kubwa zaidi, na hapo nitakaa sana. Ni vitenzi ambavyo kabla ya -a ya mwisho vina irabu nyingine: kaa, vaa, tia, lia, oa, nyoa, ondoa, ua, nunua, chukua, lea, pokea, tembea, tokea. Kanuni haibadiliki hata kidogo: toa -a, weka -e, wala usiguse kitu kingine. Akae, avae, atie, alie, aoe, anyoe, aondoe, aue, anunue, achukue. Lakini mkono wa mwandishi hautulii. Wako wanaopachika w, wakaandika "achukuwe" na "anunuwe". Wako wanaopachika y, wakaandika "akaye" na "atiye". Sikio ndilo linalowadanganya, maana ni kweli ulimi ukivuka kutoka u kwenda e huacha kivuli cha w. Kivuli hakiandikwi.

Tena y hiyo yaweza kuleta neno jingine kabisa. "Mtoto alie" ni kusema mtoto atoe machozi. "Mtoto aliye" ni mwanzo wa habari nyingine: mtoto aliye shuleni, mtoto aliye mgonjwa. Katika maandishi ya zamani utakuta watu wameandika "alie" kwa maana zote mbili, na msomaji akaachwa akisie. Sisi tumerahisishiwa: y ni ya mtu aliye na jambo, na pasipo y ni machozi.

Walakini ugumu wenyewe uko katika vile vinavyoishia kwa -ea. Hapo -a ikigeuka -e, zinakutana e mbili: alee, apokee, atembee, atokee, aletee, asomee. Ndizo zinazopotea kuliko zote. Mwandishi huona e mbili zimesimama pamoja, akadhani moja imezidi, akaifuta. Kumbe ile ya kwanza ni ya shina na ile ya pili ni ya matakwa, na hakuna hata moja inayoweza kuifanyia nyingine kazi.

Kwetu ni Ukerewe. Likizo ya mwezi wa Juni Bibi aliniita barazani, akanituma niandike barua kwa mwanawe aliyeko Musoma, ambaye kwangu ni mjomba. Mama mdogo alikuwa amefariki mwezi wa Machi, akaacha watoto wawili, na shauri la barua lilikuwa ni nani atakayewatunza. Bibi hakusoma shule, lakini kusema anajua. Alitamka polepole, akingoja kalamu yangu, nami niliandika hivi: "Mwanangu, nakuomba uwalee watoto wa dada yako. Uwapokee kama wako. Wasome. Wasitenganishwe."

Vitenzi vinne baada ya "nakuomba", na vyote viko katika hali ya -e. Hakusema "utawalea", maana hilo lingekuwa kumkatia shauri mtu mzima mwenye mke na watoto wake. Wala hakusema "walee" peke yake, kama anayemtuma mtoto dukani. Alisema "uwalee", na u- ile ya mwanzo pamoja na -e ile ya mwisho ziliyafanya maneno yake yawe ombi la mama kwa mtoto, lisilo amri wala lisilo unyonge.

Tazama basi nini kingetokea kama e moja ingeanguka. "Uwalee" ni kuwatunza. "Uwale" ni kuwatafuna. "Uwapokee" ni kuwakaribisha. "Uwapoke" ni kuwanyang'anya, maana kupoka ni kuchukua kitu cha mtu kwa nguvu. Barua ile ile ya msiba, kwa upungufu wa herufi mbili, ingekuwa ni barua ya mchawi. Mtu atasema kwamba mjomba angeelewa tu, kwa kuwa anamjua mama yake. Labda. Lakini barua haziendi siku zote kwa watu wanaotujua. Ziko zinazokwenda kwa mkuu wa shule, kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwa hakimu, na hao hawana la kushika ila herufi zilizo mbele yao.

Jibu la mjomba lilikuwa fupi, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa "nitawalea". Wanafunzi wa sarufi, angalieni hapo: -e iliyotoka Ukerewe ilirudi ikiwa -ta-. Ombi hupelekwa kwa -e, na ahadi hurudishwa kwa -ta-. Bibi alinitaka nimsomee neno hilo mara tatu. Watoto wako Musoma hivi sasa, na mkubwa yuko darasa la nne.

Ipo mifano mingine ya e mbili ambayo haina msiba ndani yake, ila ina hasara. Andika katika tangazo kwamba "mzazi atoke ofisini saa tatu", na umemfukuza; andika "atokee ofisini", na umemwita. Andika "karani aipoke mizigo bandarini", nawe umemfanya jambazi karani asiye na kosa. "Alete chakula" ni kukifikisha tu. "Amletee mgonjwa chakula" ni kukifikisha kwa ajili ya mtu fulani, na e ya shina ndiyo inayobeba hiyo "kwa ajili ya". Nawashauri wenzangu jambo dogo: kabla hujaandika hali ya -e, liseme kwanza neno kwa "ana-". Ukisikia "analea", shina ni lea, basi e ziwe mbili. Ukisikia "anakula", shina ni la, basi e iwe moja. Njia hii haijaniangusha.

Irabu mbili zaweza kukutana hata mbele ya neno, nazo pia huliwa. A- ya mtenda ikikutana na "andika", huwa "aandike", si "andike". Wa- ikikutana na "anza", huwa "waanze". U- na "uza" ni "uuze". I- na "isha" ni "iishe": kazi iishe ndipo tupumzike. Lakini lugha haipendi kunyooka kama rula, kwani tu- ikikutana na "enda" hatuandiki "tuende" bali "twende", na m- huwa "mwende". Na papo hapo twaandika "tuandike" na "tuanze" bila kugeuza kitu. Sababu yake sioni kuwa ni nyingine ila mazoea. "Twende" ni neno linalotumika kila saa, na kitu kinachoshikwa kila saa hulainika.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya irabu tu. Je, konsonanti? Hapo ndipo Kiswahili kinapostahili kushukuriwa, na ili tujue ukubwa wa neema hiyo yafaa tuwatazame wanaoikosa.

Katika maktaba yetu kuna kitabu kidogo cha kujifunzia Kihispania. Sijui mtu anayekisoma zaidi yangu, lakini kina jambo lililonifurahisha. Kihispania nacho kina hali yake ya kueleza matakwa, na katika kundi lake kubwa la vitenzi, vile vinavyoishia kwa -ar, hali hiyo hufanywa kwa kugeuza a kuwa e, kama sisi! "Habla" ni anasema. "Hable" ni aseme. (Kwa makundi mengine mawili hugeuza upande wa pili: "come" ni anakula, "coma" ni ale. Usicheke, lugha ya mtu haichekwi.) Basi mwanafunzi wa Kibantu angefikiri Kihispania ni mteremko. Nao wako Wabantu wanaokisoma kila siku: katika Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, Wafang na Wabubi wana lugha zao za Kibantu, na shuleni husoma kwa Kihispania.

Lakini mteremko huo una mawe. Katika Kihispania herufi c husomwa k ikifuatwa na a, o au u, na husomwa karibu na s ikifuatwa na e au i. Kadhalika g husomwa g mbele ya a, na mbele ya e husomwa kama kh ya Waarabu. Sasa, kutoa ni "sacar", yaani "sakar". Geuza a iwe e bila kuangalia, utapata "sace", nalo litasomwa "sase". Sauti ya k imekufa. Ili kuiokoa, Wahispania hubadili herufi: huandika "saque", wakasoma "sake". Kulipa ni "pagar". Alipe ni "pague", na u hiyo haisomwi, imewekwa kuilinda g tu. Kuvuka ni "cruzar". Avuke ni "cruce", kwa kuwa hawana mazoea ya kuandika z mbele ya e. Katika yale makundi ya kugeuza e kuwa a, ulinzi huenda kinyume: kushika ni "coger", ashike ni "coja", kushinda ni "vencer", ashinde ni "venza", kufuata ni "seguir", afuate ni "siga", na ile u iliyokuwa mlinzi sasa imeachishwa kazi, maana mbele ya a hakuna hatari. Na iko u nyingine ambayo husomwa kweli, kama katika "averiguar", kuchunguza. Hiyo mbele ya e huvikwa nukta mbili kichwani, "averigüe", ili msomaji asiinyamazishe.

Ukitazama juu juu utasema ni vurugu. Kumbe sheria ni moja: herufi hubadilika ili sauti isibadilike. Anayelijua hilo hana haja ya kukariri orodha, anajiuliza tu, "Je, ikibaki hivi itasomwaje?"

Hebu tujaalie kwamba sisi tungeandika kwa herufi za Wahispania. Pika tungeiandika "pica", na apike ingelazimu iwe "apique". Piga ingekuwa piga, lakini apige ingekuwa "apigue". Cheka ingekuwa "checa", na acheke ikawa "acheque". Mtoto wa darasa la kwanza angelia! Nasi twaandika pika, apike, piga, apige, funga, afunge, na hakuna konsonanti inayogutuka, kwa sababu kila herufi ina sauti moja tu popote inapokaa.

Neema hii haikushuka kama mvua. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika uandishi huo wa kawaida alama moja, kasra, ilisimama kwa i na kwa e pia. Msomaji ndiye aliyechagua. Kisha wakaja wageni na herufi za Kirumi, kila mmoja na za kwao. Krapf katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882 aliiita lugha hii Kisuahili, kwa u. Wajerumani waliutaja mji wetu huu katika ramani zao kwa jina la "Muansa", na mlima wetu mkubwa waliuandika "Kilimandscharo", herufi nne zikifanya kazi ya j moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilifanya kazi ya kusanifisha maandishi ya vitabu vya shule. Tunapoandika "apige" bila kufikiri, tunakula matunda ya watu waliofikiri.

Shimo la tatu ni la wageni waliokaribishwa. Vitenzi tulivyopata kutoka Kiarabu haviishii kwa -a: rudi, jibu, samehe, safiri, fikiri, jaribu, kubali, faulu. Hivi katika hali ya -e havipokei -e. Twasema arudi, ajibu, asamehe, wafaulu. Anayeandika "arude" au "asafire" amemvika mgeni kanzu isiyo yake. Basi tutajuaje kwamba ni matakwa? Kwa kukosa alama ya wakati: "anarudi" ni habari, "arudi" ni matakwa. Tena kwa neno linalotangulia: ili, lazima, yafaa, heri, afadhali, naomba, nataka. Hata hivyo iko mitego. Kusali ni kitenzi cha aina hii, na hali yake ya matakwa ni "asali". Mtu akisema "Naomba asali", mwenye duka ataleta nyuki waliyotengeneza, na shehe atadhani kuna mtu anaombewa nafasi ya kwenda kusali. Hapo hakuna sarufi itakayokuokoa. Muulize anataka nini.

Jambo la ajabu ni kwamba mgeni huyo akioa kwetu hubadilika. Mpe kiambishi cha Kibantu, naye mara moja ataishia kwa -a na kukubali -e kama wenyeji: rudi, arudi, lakini rudisha, arudishe. Jibu, ajibu, lakini jibiwa, ajibiwe. Fikiri, afikiri; lakini fikiria, afikirie. Samehe, asamehe; lakini samehewa, asamehewe. Na sheria hii haikuishia kwa Waarabu. Leo twachaji simu na twapaki magari, na maneno hayo yamefuata njia ile ile bila ya kamati yoyote kukaa: achaji simu yake, apaki gari pale, lakini simu ichajiwe, gari lipakiwe. Hapa Mwanza liko pia suala la r na l, ambalo huwatatiza wengi wetu tuliokulia Usukumani, nasi huandika "aludi" na "asafili". Hilo ni somo la siku nyingine, na sitaki kuligusa kwa haraka.

Nimesema tangu mwanzo kwamba -e huweka mpaka kati ya habari na matakwa. Mahali ambapo mpaka huu una uzito mkubwa ni katika matangazo na mapatano. Ukitembea mialoni utasoma mengi, mengine kwenye ubao, mengine kwa chaki ukutani. "Wavuvi wasitumie kokoro" ni katazo, na kokoro kweli limekatazwa kwa sheria kwa kuwa huzoa samaki wachanga na mayai. Ukiandika "wavuvi hawatumii kokoro" hujakataza kitu. Umewasifu, tena kwa sifa ambayo huenda si ya kweli. "Dagaa waanikwe juu ya chanja" ni agizo. "Dagaa wanaanikwa juu ya chanja" ni maelezo, na mwanamke aliyemwaga dagaa wake mchangani aweza kujibu kwamba amesoma, ameelewa, na amefurahi kusikia wengine wanafanya hivyo. Vivyo hivyo kivukoni: "Abiria wavae maboya" na "abiria wanavaa maboya" hazitofautiani ila kwa silabi chache. Sisi wa ziwa hili, tulioona MV Bukoba ikizama mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, au tuliosimuliwa na waliofiwa, hatuwezi kusema kwamba maagizo ya chomboni ni jambo la kuandikwa ovyo.

Katika mapatano ya mtumbwi ni hivyo hivyo. "Mwenye injini achukue fungu moja" humpa haki. "Mwenye injini anachukua fungu moja" hueleza desturi ya leo, na kesho mwingine atasema desturi imebadilika. Ndiyo maana kanuni za vyama hujaa -e: mwanachama alipe, mkutano ufanyike, mtunza hazina asomewe hesabu... la, nimekosesha makusudi ili nione kama mnasoma kwa makini. Mtunza hazina huwasomea wengine hesabu, hasomewi. Basi ni "asome hesabu" au "awasomee wanachama hesabu". Hesabuni e za neno hilo la mwisho.

Nimeweka zoezi dogo kwa wanaopenda, hasa ndugu zangu wa Kidato cha Pili. Geuzeni sentensi hizi ziwe katika hali ya -e, mkianza kila moja kwa neno "yafaa", kisha mzipeleke kwa mwalimu wenu wa Kiswahili azisahihishe: Mama anapokea wageni. Wazee wanakunywa uji. Kinyozi ananyoa watoto. Mimi ninajibu barua. Wewe unauza sato. Nahodha anaangalia mawingu. Watoto wanalelewa na mjomba. Tunakwenda Nansio. Kaka anarudi na kurudisha jembe. Mgonjwa hali chumvi. Hiyo ya mwisho ina mtego ndani yake, na wawili wa Kidato cha Tatu niliowajaribu jana usiku kabla ya taa kuzimwa bado wanabishana.